Kiberiti cha Nne

Mwalimu Bura alitufundisha kuanza mwishoni. Ukitaka kujua ucheze vipi, alisema, nenda kwanza pale mchezo unapokwisha, uone nani amebaki bila la kufanya, kisha urudi nyuma hatua moja moja mpaka ufike ulipokaa wewe. Basi nami naanza na mazishi yake, mwaka huu, kijijini kwao Endamarariek, kwenye baridi ya mwezi wa saba ambayo ilinifanya niwaonee wivu waliokuwa wanashika makoleo, maana wao angalau walipata joto. Tulikwisha kumzika. Nilikuwa kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi, nimevaa viatu vya mjini vilivyokwisha kuwa vyekundu kwa udongo, nilipomwona mwanamke mrefu mwenye shuka la bluu juu ya sweta, ameinama kwenye ndoo ananawa. Alikuwa anasugua kila kidole peke yake, polepole, kama mtu anayejiandaa kugusa shanga. Nilimtambua kwa mikono kabla ya uso. Alikuwa Nasieku.

Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa na maneno yangu tayari. Nilikuwa nimeyapanga, nimeyafupisha, nimeyasema peke yangu kwenye gari nikitoka kazini, pale Arusha ninakoandika programu za kompyuta na kulipwa vizuri kwa kazi hiyo. Maneno yenyewe yalikuwa haya: nilikosea, lakini sikujua. Nilikuwa nayo mpaka nilipomfikia. “Takwenya,” nikamsalimia, kwa Kimaasai changu kibovu kile kile. “Iko,” akaitikia, akanipa mkono wenye maji. Halafu akaitazama sahani yangu ya makande, jinsi nilivyokwisha kuyasukuma maharage yote upande mmoja, akasema, “Mpaka leo huli maharage, Paskalina.” Tukaenda kukaa kwenye benchi nyuma ya nyumba, na hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa upya.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ya nyuma nayaruka, hayana ajabu: nilimaliza kidato cha nne na alama za hesabu ambazo hata leo siwaonyeshi wanangu. Mwalimu Bura alikuwa ameacha kazi Dar es Salaam, sababu hakuisema, akarudi Karatu na kompyuta moja aliyoifunika kwa kitenge kama mtoto mchanga. Alipanga chumba nyuma ya gereji, kando ya barabara kuu ya kwenda Ngorongoro, akaweka kibao kwamba anafundisha. Tulianza wanafunzi saba. Kufikia mvua za kwanza tulibaki wawili, mimi na Nasieku, aliyekuwa ameteremka kutoka juu, kwao Ngorongoro, akiwa na sanduku moja la bati na ruhusa ya mwaka mmoja. Baba yake alimwambia hivyo hivyo: mwaka mmoja, na kama haujazaa kitu, urudi nyumbani. Tulilala chumba kimoja, kitanda kimoja, shuka lake juu na blanketi langu chini, na ukuta uliotutenga na darasa ulikuwa wa mbao nyembamba kiasi kwamba Mwalimu akikohoa tulimwambia pole bila kuinuka.

Siku moja Mwalimu alituambia kuna rafiki yake katika chuo fulani Arusha ambaye angempokea mwanafunzi wake bila ada mwaka unaofuata. Akainua kidole. “Mmoja,” alisema. Tulitazamana, tukacheka. Tulicheka kwa sababu tulikuwa marafiki kweli, na hilo sitaki mtu yeyote alitilie shaka, hata mimi mwenyewe. Jioni ile Nasieku alikula maharage yangu na mimi nikala mahindi yake, kama kawaida, na hakuna aliyetaja kile kidole. Lakini kuanzia hapo nililala nikiwa nimegeukia ukutani.

Umeme ndio uliotuingiza kwenye viberiti. Mgao ulikuwa mkali mwaka ule, ile kompyuta ilikaa chini ya kitenge wiki nzima, na Mwalimu alikuwa mtu asiyeweza kukaa bila kufundisha. Alikwenda kwa wauza chai wa stendi akaomba viberiti vilivyokwisha, akarudi na kumi na viwili, akabandika namba kila kimoja, moja mpaka kumi na mbili. Kisha akamwaga mezani punje kumi na tatu za mahindi. Mchezo ulikuwa rahisi mno, tuliona kama anatutania. Wachezaji wawili wanapokezana. Kila mmoja kwa zamu yake anachukua punje moja, mbili au tatu. Anayechukua ya mwisho ameshinda. Tofauti ni kwamba mchezaji mmoja ni mtu, na wa pili ni viberiti. Mtu anaanza. Zikibaki punje kumi, tunafungua kiberiti cha kumi. Zikibaki saba, cha saba. Ndani mna shanga: nyeupe maana yake chukua moja, nyekundu mbili, bluu tatu. Unafumba macho, unatoa shanga moja, unacheza inavyosema. Viberiti vikishinda, shanga inarudishwa na mwenzake wa rangi ile ile. Vikishindwa, shanga ya mwisho iliyotoka hairudi ndani. Inaenda kwenye kopo.

“Kwa hiyo anayejifunza ni nani?” nilimuuliza.

“Viberiti.”

“Lakini Mwalimu, havijui kitu.”

“Na wewe ulijua nini ulipozaliwa?”

Nilicheka, lakini sikuelewa, na kutokuelewa kule kulikaa nami mwaka mzima kama changarawe kwenye kiatu. Alituambia kuna elimu kubwa ya mambo haya, nadharia ya michezo, na kwamba kinachotafutwa ni mkakati bora: namna ya kucheza ambayo mpinzani wako, hata awe nani, hawezi kuivunja. Alisema mkakati huo haukai kichwani mwa mtu, umo ndani ya mchezo wenyewe, na kanuni nzuri ni ile inayoweza kuuchimba hata ikiendeshwa na vikasha vya karatasi. Mimi nilijaza kurasa tatu za daftari kwa mishale. Nilianza mwishoni kama alivyosema, nikarudi nyuma, nikapotea njiani, nikaanza tena. Nasieku hakuandika. Alikuwa ameinama juu ya zile punje, anazisogeza kwa ncha ya kidole.

“Paskalina, hawa ni ng'ombe,” alisema.

“Ng'ombe gani?”

“Tazama. Miguu minne minne. Ng'ombe mmoja, wa pili, wa tatu, na huu mguu mmoja umezidi. Toa huo mguu. Mwachie mwenzako ng'ombe wazima. Akichukua mguu mmoja, wewe chukua mitatu. Akichukua mitatu, wewe mmoja. Ng'ombe anaondoka mzima, na ukizidi kucheza hivyo, wa mwisho ni wako.”

Kwao mifugo haihesabiwi kwa kunyooshewa kidole. Unatazama boma na unajua nani hayupo. Ndivyo alivyotazama mahindi. Mwalimu alikuja akasimama nyuma yake, akacheza naye mara tatu Nasieku akianza, akashindwa zote tatu. Hakupiga makofi wala nini. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akamtazama msichana yule kwa muda mrefu. Niliona wivu. Nausema waziwazi kwa kuwa nina umri wa kuusema, lakini wakati ule niliuita maumivu ya tumbo, nikaenda kulala mchana.

Tukagawana kazi. Asubuhi Nasieku alikuwa mkono wa viberiti, na Mwalimu akicheza dhidi yake, kwa ukali, bila kosa. Mimi asubuhi nilipika chai ya saa nne kwenye kibanda cha nje na kuileta darasani kwa chupa iliyokuwa inavuja mfunikoni. Mchana zamu ilikuwa yangu. Wapinzani wangu walikuwa mafundi wa gereji wenye mikono ya grisi, na madereva wa watalii waliokuwa wanasubiri kuzibiwa pancha. Hao hawakujua ng'ombe wala miguu. Walichukua punje kama wanachukua karanga, viberiti viliwashinda mara nyingi, na mimi niliongeza shanga. Kuna dereva mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya ngozi, alishindwa mara nne mfululizo akasimama. “Dada, mimi napigwa na kiberiti? Naomba yasifike Arusha haya.” Nilifurahi siku zile. Kila jioni niliacha vikasha vimenona, na kila mchana uliofuata nilikuta baadhi vimekonda. Vingi vilibaki kama nilivyoviacha. Cha nne kilipungua kuliko vyote. Kisha cha nane.

Na jioni, kwenye mwanga wa dirisha kabla jua halijazama, Nasieku alikuwa anashona bangili ya shanga. Nyeupe, nyekundu, bluu.

Sasa naomba nieleze hili polepole, maana ndipo ninapojikwaa kila mara. Mwalimu aliondoka Ijumaa kwenda Arusha kumwona yule rafiki wa chuo. Hakutuambia amemchagua nani, ila kabla ya kupanda gari alimwambia Nasieku, “Nikirudi tutazungumza,” na mimi akaniambia nifunge mlango vizuri. Jumamosi nilifungua kiberiti cha nne nikakuta hakina shanga hata moja. Nikafungua cha nane, kitupu. Cha kumi na mbili kilikuwa na nyekundu moja tu, iko kwenye kona. Nilisubiri mpaka tumeketi kula. Mama mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa ameketi nasi, anachambua mboga, na nikasema mbele yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Shanga za Mwalimu zimekwisha kwenye cha nne na cha nane. Na wewe naona bangili inaendelea.”

Nasieku alikuwa na kijiko cha maharage yangu karibu na mdomo. Alikirudisha sahanini.

“Unasema nimechukua?”

“Nasema zimekwisha.”

Alinitazama. Nimelitafakari jicho lile mpaka nimelichakaza. Kwa miaka mingi nilidhani ni jicho la mtu aliyeonewa. Hakubisha, hakulia, hakueleza kitu. Mama mwenye nyumba alisema, “Eh, jamani, shanga tu hizo,” akaendelea na mboga zake. Jumapili nilikwenda kanisani peke yangu. Jumatatu asubuhi nilipoamka upande wa pili wa kitanda ulikuwa baridi, sanduku la bati halikuwepo, na fundi mmoja alisema amemwona akipanda lori la mahindi linaloelekea juu. Darasani viberiti vilikuwa vimepangwa mstari mmoja. Nikavifungua. Cha nne kilijaa. Cha nane kilijaa. Cha kumi na mbili pia. Shanga zilikuwa zimelazwa kwa mpangilio, nyeupe, nyekundu, bluu, nyeupe, nyekundu, bluu, na juu ya meza kulikuwa na uzi mrefu uliopindapinda, ule uliokuwa bangili.

Mwalimu alirudi jioni ile ile. Nilimwambia Nasieku ameondoka, na kwamba alikuwa amechukua shanga lakini amerudisha. Alifungua kiberiti cha nne akakaa kwenye kiti kama mtu aliyesukumwa. Akanieleza. Kikasha kilikuwa kitupu kwa sababu zikibaki punje nne na zamu ni yako, huna mchezo wowote wa kukuokoa. Kila shanga iliyojaribiwa asubuhi ilipoteza, ikatolewa, mpaka zote zikaisha. Kikasha kitupu maana yake viberiti vimekiri kushindwa. Baada ya cha nne kikafuata cha nane, na cha kumi na mbili kilikuwa njiani. Hicho ndicho kitu tulichokuwa tunakitafuta miezi yote, na kilikuwa kimepatikana, na sasa kilikuwa kimefukiwa kwa shanga za bangili. Nakumbuka maneno yake: “Acha kitupu. Ndiyo jibu lenyewe.” Nakumbuka nikisema, “Sikujua, Mwalimu.” Kumbukumbu hii imekaa vibaya, hilo nimelijua siku zote. Ndani yake chupa ya chai inaniunguza vidole kwa ule mfuniko, na mtu anacheka. Nani angecheka siku kama ile? Nilijiambia akili ya mtu mwenye huzuni huchanganya mambo.

Aliandika barua kwenda kwa Nasieku, akampa dereva mwenye kofia ya ngozi. Dereva alirudi na barua mfukoni, akasema familia imehama na ng'ombe na waliobaki hawajui wako upande gani. Mwalimu aliandika nyingine, ikapotelea huko huko. Mimi sikwenda. Ilikuwa safari ya asubuhi moja, magari yalipita mlangoni petu kutwa nzima yakielekea huko, na sikwenda. Mwezi wa kwanza nikapanda basi la Arusha na ile nafasi. Mwalimu alinisindikiza mpaka stendi, akanishika bega, akasema nisome kwa bidii. Hakuwahi kunilaumu. Pengine angenilaumu ningejua la kufanya na maisha yangu. Nimeandika tangu hapo programu nyingi zinazochagua hatua bora kuliko nyingine, na kila moja naipitia kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha nyumbani kwake.

Turudi kwenye benchi. Nasieku aliniambia anafundisha hesabu darasa la tatu, huko huko kwao, na kwamba watoto wake wanajua kugawanya kwa nne kabla ya kujua kuandika nne. Baba yake aliuona mwaka haujazaa kitu. Masomo aliyarudia baadaye sana, akiwa na watoto wawili, akisafiri kwa miguu. Aliyasema bila uchungu wa kuonyesha. Upepo ulikuwa unapeperusha turubai, akina mama walikuwa wanaosha masufuria, na chupa ya chai ilikuwa chini kati ya miguu yetu. Nikaona wakati umefika.

“Nasieku, nilikosea,” nilisema. “Lakini sikujua. Nilijua baadaye, ulipokuwa umekwisha kuondoka. Mwalimu ndiye aliyenieleza.”

“Alikuelezaje?”

“Alisema, acha kitupu, ndiyo jibu lenyewe.”

Alirudia kwa sauti ndogo, kama anaonja chumvi. “Acha kitupu.” Kisha akanigeukia. “Nilivijaza vyote, Paskalina. Nilivijaza mpaka juu. Siku hiyo cha kuachwa kitupu kilikuwa kipi?”

Niliishusha sahani magotini.

Nikafanya nilichofundishwa. Nilianza mwishoni. Jumatatu jioni vikasha vimejaa, hakuna wa kuambiwa aache. Rudi nyuma. Jumapili, Jumamosi, Mwalimu hayupo. Rudi nyuma. Ijumaa asubuhi, au Alhamisi, saa nne, nimesimama mlangoni na chupa inayovuja, vidole vinaungua, na ndani Nasieku anauliza kama aongeze shanga kwenye cha nne kwa kuwa zimekwisha, na Mwalimu anajibu, na Nasieku anacheka kwa furaha ya mtu aliyeona ng'ombe mzima akitoka zizini. Nilikuwa pale. Kusikia nilisikia. Kama nilielewa, kama nilielewa nikakataa kuelewa, kama Jumamosi ile nilipofungua kile kikasha nilijua ninachofungua, hapo ndipo palipo na giza na sijui mpaka ninapoandika haya.

“Kivuli chako kilikuwa mezani,” Nasieku alisema. “Nilikuwa nasubiri uingie tucheke wote. Uliweka chupa chini ukarudi jikoni. Halafu Jumamosi ukasema ulichosema, nami nikajua unaichezea ile nafasi. Nikakuachia.”

Kwa hiyo halikuwa jicho la mtu aliyeonewa. Lilikuwa jicho la mtu anayetazama hatua ya mwenzake na kuielewa yote, mpaka mwisho.

Alinyoosha mkono kwenye sahani yangu. Akachagua punje za mahindi, moja moja, akaniachia mimi maharage, akazipanga kwenye benchi kati yetu. Nne.

“Zamu yako,” alisema.

Nilizitazama. Nilichukua moja kwa macho, nikachukua mbili, nikachukua tatu.

“Sina njia,” nikasema.

“Basi sema.”

“Nilisikia.”

 Nasieku akaziokota punje zote nne, akazitafuna taratibu huku anatazama mashamba, na alipomeza akaigusa ile chupa kwa mguu akauliza kama chai imebaki.